Safu ya Sifuri

Corpus Christi, Texas
20 Mei 2007

Shangazi Eloisa, shikamoo.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu yako nimeipiga tangu Pasaka mpaka nimechoka. Inaita weee, kisha inakata. Mama anasema upo, anakuona kanisani kila anapopanda Truchas, na umenawiri. Nikasema basi, huenda shangazi anataka kuandikiwa kama watu wa zamani.

Huku hatujambo. Joto limeanza na unyevu wake, shati linalowa kabla hujamaliza kufunga vifungo. Kiwandani nachomelea mabomba zamu ya mchana. Yesenia ana mimba ya miezi mitatu na hataki kunusa kahawa, kwa hiyo yangu nainywea nje kama mwizi. Anakusalimu sana.

Gari la baba ninalo mimi. Usishtuke. Mwezi uliopita nilikwenda Española, nikalivua turubai, nikabadilisha betri na oili, nikaliendesha maili karibu mia tisa mpaka hapa bila kukohoa hata mara moja. Unamjua baba, aliandika tarehe kwenye kila kitu. Betri ina tarehe, kichujio cha oili kina tarehe, hata kopo la njugu. Kwenye buti nimekuta spana zake, kompyuta yake mpakato, waya wa kuiunganisha na gari, na mpira mrefu mwembamba wa kunyonyea petroli. Chini ya kiti cha dereva kuna ncha ya bomba la shaba iliyozibwa kwa kizibo. Sijui alitaka kufunga geji gani akaghairi.

Nataka kuongeza presha ya turbo. Wewe ndiye uliyeipanga kompyuta ya injini ile, Januari 2005, na hakuna fundi New Mexico nzima aliyekuzidi. Sasa hivi turbo inasukuma hewa injinini kwa pauni kumi na nne. Nataka kumi na tisa. Niambie nianzie wapi nisije nikaiua injini aliyoijenga kwa mikono yake. Nilimwona akipima pistoni moja moja kwenye meza ya jikoni miaka miwili mizima, mama analalamika hana pa kukandia mikate yake ya tortila. Ndicho kitu pekee alichokiacha ambacho bado kinatoa sauti.

Mwanao,
Delfino


Truchas, New Mexico
11 Juni 2007

Delfino mwanangu, marahaba.

Barua yako imefika na nimefurahi, hasa habari za mimba. Mwambie Yesenia ale biskuti za chumvi kabla hajainuka kitandani. Wewe endelea kukaa nje na kahawa yako, ni adhabu ndogo.

Mimi mzima. Mfereji wetu tuliusafisha Aprili na maji yanafika bustanini siku yangu ya zamu, isipokuwa jirani yangu Porfirio anayaiba saa moja kila wiki na kunipungia mkono. Mgongo wangu ni ule ule ulionifungisha gereji. Simu ya huku milimani haifai kitu. Upepo ukivuma, waya unakoroma, usijisumbue kupiga.

Umenikumbusha baba yako na tarehe zake. Nimecheka peke yangu. Mwaka wake wa mwisho alikuwa akija hapa Jumapili ananisimamia uso kwa uso, anasema kwa sauti kama mnadi wa ng'ombe. Miaka thelathini ya kukaa karibu na injini ilikuwa imemmaliza masikio, maskini Tino wangu.

Kuhusu presha, jibu ni hapana. Tena sikiliza kwa nini. Geji ya turbo haihesabu hewa yote, inahesabu kile tu turbo ilichoongeza juu ya hewa iliyokuwepo. Hapa juu hewa ni nyepesi, huko pwani ni nzito. Pauni zako kumi na nne za Corpus Christi si zangu za huku, tayari injini inameza hewa nyingi kuliko nilivyoipangia. Na ukiichanganya na joto lenu, mafuta yanalipuka kabla ya moto wa cheche kuyafikia na pistoni inapigwa nyundo ikiwa bado inapanda. Hiyo ndiyo kugonga, na ndiyo inayoua.

Iache kumi na nne, na afadhali kumi na mbili. Tia petroli ya okteni ya juu kuliko zote kituoni. Lioshe, litie nta, mpeleke mkeo akale samaki.

Shangazi yako,
Eloisa


Corpus Christi
2 Julai 2007

Shangazi, shikamoo.

Biskuti zimesaidia. Yesenia anasema wewe ni daktari, mimi ni mzigo.

Lakini shangazi, "lioshe, litie nta"? Mtu aliyeyapangia kompyuta nusu ya magari yanayokimbia Albuquerque ananiambia nitie nta? Nilimsomea Rigo, mwenzangu wa kiwandani ambaye naye ana la turbo, akacheka mpaka akakaa chini.

"Shangazi yako anakuonea wivu bwana," akasema.

"Wivu wa nini?"

"Wa gari. Anajua likiwa na pauni kumi na tisa utalipita lolote aliloligusa yeye."

Nikamwambia achunge mdomo, wewe si mtu wa hivyo. Ila nilikaa nikawaza.

Basi nimeanza mwenyewe. Niliunganisha waya, nikapandisha mpaka kumi na sita. Sikukurupuka, nimefanya kama nilivyokuwa nakuona: gia ya tatu, barabara tambarare isiyo na watu, kanyaga mpaka chini, huku kompyuta inarekodi. Nimekuchapishia karatasi sita, zimo humu ndani. Angalia mchanganyiko wa hewa na petroli, hauna neno. Nozeli za petroli bado zina nafasi ya kuongeza. Halafu angalia safu ya mwisho kulia, ile ya kugonga. Sifuri, shangazi. Sifuri kutoka juu mpaka chini, karatasi zote sita, kwenye joto la nyuzi thelathini na sita. Rigo alizipitia zote sita. "Mzee wako alikuwa fundi," akasema. Nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu baba afe.

Kwa hiyo nasonga mbele. Nakuomba tu uniongoze.

Delfino


Truchas
30 Julai 2007

Delfino,

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa na mambo. Aprikoti za Porfirio zimeiva kabla ya zangu na hajaacha kunisimanga. Yesenia hajambo? Mtoto ameanza kucheza?

Karatasi zako nimezitandaza mezani nikazisoma siku nne. Rudisha kumi na nne leo hii. Usiposikia neno jingine langu, lisikie hilo.

Nakueleza kazi inavyofanywa ili ujue sikufichi ufundi. Mtu haongezi pauni mbili kwa mpigo. Anaongeza nusu, anakimbiza mara tatu, anaiacha ipoe, anasoma. Kabla ya hapo ameweka plagi za baridi zaidi, zile zinazotoa joto haraka, na amepanga kikomo ili turbo ikizidisha kompyuta ikate petroli yenyewe. Akiongeza hewa, anaongeza petroli na kuchelewesha cheche kidogo, digrii moja au mbili, na hairudishi mpaka injini imemwambia iko salama. Ndiyo maana kwenye injini kuna sensa iliyofungwa kama sikio, inasikiliza kugonga na kuiambia kompyuta irudi nyuma. Hiyo ndiyo inayojaza safu yako ya mwisho.

Na safu ile ndiyo inayoninyima raha. Injini nzima huwa inanung'unika. Moja hapa, mbili pale, unapobadilisha gia, unapopanda kilima. Karatasi sita za sifuri tupu si injini safi, Delfino. Hiyo ni sensa isiyosikia. Angalia waya wake, labda panya ameutafuna chini ya turubai.

Usiguse kitu kingine mpaka nikuandikie.

Eloisa


Corpus Christi
19 Agosti 2007

Shangazi,

Salamu kutoka kwetu. Mtoto anacheza, ni wa kike. Mama ameanza kufuma na ameshakosea mara mbili.

Waya nimeuangalia, mzima. Nikanunua sensa mpya kabisa, nikafunga mwenyewe na spana ya kupimia nguvu. Nikakimbiza tena. Sifuri. Basi panya wako hana kosa, na injini ni safi kama nilivyosema.

Barua zako zina kitu ndani yake ambacho hakisemwi. Unanieleza kazi nzima kama mwalimu, halafu ukifika mlangoni unaufunga. Unasubiri wiki nne kujibu. Unasema simu mbovu, lakini mama alipiga hiyo hiyo kutoka jikoni kwako na nilimsikia kama yuko kando yangu. Nilikusikia na wewe nyuma yake ukiosha vyombo. Nilisema, "Mama, mpe shangazi." Akasema umetoka nje. Maji yalikuwa bado yanamwagika.

Kama nimekukosea sema. Kama hutaki mtu aguse kazi yako, sema pia. Nina sababu zangu za kutaka gari liwe tayari kabla ya mwisho wa Oktoba, na sitazieleza kwa sababu na wewe hunielezi.

Sasa niko kumi na nane.

Delfino


Truchas
16 Septemba 2007

Delfino,

Kijiji kizima kinanuka pilipili za kuchoma. Nimechoma magunia mawili, nimemenya mpaka vidole vinawaka. Nitamtumia Yesenia akishajifungua, sasa hivi zitamletea kiungulia.

Wifi Ramona, mama yako, ameniambia yote. Kiwanja cha zamani cha ndege, Jumamosi tarehe 20 Oktoba, mashindano ya mbio za magari, nusu maili moja kwa moja. Amesema unataka kupita kasi aliyowahi kufikia baba yako hapo, maili mia moja arobaini na tisa kwa saa. Aliniambia akiwa anacheka, hajui anachekea nini. Kwa nusu maili injini inashikilia presha yote sekunde ishirini bila kupumua. Hakuna kitu kigumu kwa pistoni kama hicho.

Nimekuandikia barua tatu tangu Agosti. Zote nimezitia kwenye jiko la kuni.

Usiende. Una mke mwenye mimba. Baba yako hakuhitaji umkimbilie kwenye kiwanja cha ndege, alikuhitaji siku tulipomzika na hukuja. Tulichelewesha misa nusu saa tukikungoja.

Eloisa


Corpus Christi
24 Septemba 2007

Nilijua ipo siku utalisema.

Tarehe 20 nakwenda. Tusiandikiane tena.

D.


Truchas
15 Oktoba 2007
Kwa posta ya haraka

Delfino mwanangu,

Huna haja ya kunisamehe kwa lile la mazishi. Lilitoka kwa sababu nilikuwa natafuta la kukuumiza ili usiende, na nilikuwa nalo karibu. Najuta. Lakini hii barua isome yote hata kama una hasira. Nimeileta mwenyewe mpaka posta ya Española, nimeona ikigongwa muhuri.

Sikio la gari lako nililiziba mimi.

Injini ya baba yako ina pistoni ngumu zilizofuliwa kwa moto na nyundo. Zikiwa za baridi zinacheza na kupiga kelele, na sensa inadhani ni kugonga. Kompyuta inashtuka bure na kurudisha cheche nyuma, gari linakosa nguvu. Mafundi wengi wa rika langu tulikuwa na dawa moja. Tunaingia ndani ya kompyuta, tunapandisha kiwango cha kelele mpaka sensa isisikie chochote, halafu tunasikiliza wenyewe. Unakata bomba la shaba urefu wa mkono, unabamiza ncha moja, unaitoboa, unaifunga kwa bolti kwenye mwili wa injini. Ncha ya pili unatia mpira mpaka kwenye vifuniko vya masikio vya wapiga bunduki. Kugonga kunakuja wazi, kama kokoto kwenye kopo. Miaka ishirini na mbili nilifanya kazi hivyo na sikuvunja injini hata moja.

Sauti nyembamba ndizo huondoka kwanza, Delfino. Hakuna anayekugongea mlango kukwambia. Unaendelea kusikia watu, redio, mbwa. Novemba 2004 nilikuwa na gari la msichana mmoja wa Bernalillo juu ya mashine ya kupimia nguvu, nimevaa vifuniko vyangu, naisikia iko tulivu, naongeza. Vijana wangu wote wawili walianza kurukaruka na kupunga mikono. Nikadhani wananishangilia. Pistoni ya tatu ikatoka vipande vipande. Walikuwa wameisikia bila bomba, bila kitu, wamesimama mlangoni, na mimi niliyevaa vifuniko sikusikia chochote. Nililipa injini mpya na nikasema petroli ilikuwa chafu.

Miezi miwili baadaye baba yako akaleta la kwake. Ningekataa ningelazimika kusema sababu. Nikaliziba sikio kama kawaida, tukatoka barabara ya Bernardo, yeye ameketi kando yangu. Nilipofika pauni kumi na nne akaniuliza, "Dada, unasikia?" Nikamwambia ni safi. Baada ya kidogo akauliza tena, "Una hakika unasikia?" Nikamkaripia aniache nifanye kazi. Machi nikafunga gereji na nikawaambia watu ni mgongo. Mgongo wangu hauna kitu.

Ndiyo maana sishiki simu. Sikusikii. Siku ile ya vyombo nadhani mama yako aliniita nikiwa nimempa mgongo, sikugeuka, naye akakupa udhuru.

Gari lilipowekwa chini ya turubai nilishukuru Mungu, nikasema siri yangu imelala nalo. Ulipoandika kuwa unalo wewe, ningeweza kusema Juni. Ningeweza Julai nilipoziona sifuri. Badala yake nikakuambia habari za panya. Niliona aibu. Sina neno zuri kuliko hilo.

Kwa hiyo pauni kumi na nane zako hazijasikilizwa na mtu yeyote, si kompyuta wala mimi. Rudisha kumi na mbili. Toa plagi uziangalie kwenye mwanga. Ukiona vidoa vinavyometa kama chembe za chumvi, hiyo ni alumini ya pistoni. Na kama huniamini, una haki, kata bomba la shaba usikilize kwa masikio yako ya ujana.

Usiende Jumamosi.

Shangazi yako,
Eloisa


Corpus Christi
21 Oktoba 2007

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Barua yako ilifika Ijumaa saa sita mchana. Nusura niitupe. Yesenia ndiye aliyeishika, akasema mtu hatumi posta ya haraka kwa ajili ya ugomvi. Akanisomea kwa sauti nikiwa nimejilaza chini ya gari, maana nilikuwa nalikagua kwa safari ya kesho yake. Alipofika kwenye mambo ya msichana wa Bernalillo nilitoka nikakaa kwenye tairi.

Nilikuwa na hasira, sikufichi. Nilisema maneno ambayo Yesenia aliyakatiza. Halafu nikasema haya, nitasikiliza mwenyewe, huenda anatia chumvi. Nikampigia Rigo aje na kipande cha shaba. Nikaingia tena chini na tochi, natafuta bolti ya kufungia kwenye mwili wa injini, upande wa nyuma, karibu na silinda ya tatu.

Shangazi, bolti ina bomba tayari.

Limebamizwa, limetobolewa, limefungwa kama ulivyoeleza, ila limekunjwa vizuri kufuata ukuta, linapenya mbele na kutokea chini ya kiti cha dereva. Ile ncha yenye kizibo niliyokuandikia Mei. Na ule mpira wa kwenye buti niliodhani ni wa kunyonyea petroli, mwisho wake mmoja umechongwa uingie sikioni. Nimekuwa nausukuma pembeni kila nikitafuta spana. Nikasema ni wewe uliyelifunga ukasahau kunitajia. Ndipo nikaona utepe mweupe umezungushwa kwenye shaba, na maandishi ya baba, ile saba yake yenye mkia: 7 Feb 05. Wiki tatu baada ya wewe kulipanga.

Sikuweza kutoka chini pale kwa muda. Rigo alipofika aliniuliza, "Umebanwa?" Nikamwambia ndiyo.

Tulitoka kwenye barabara ya mashamba ya pamba, mpira sikioni. Pauni kumi na mbili, kimya, mlio wa injini tu. Kumi na nne, kimya, halafu chembe mbili tatu. Kumi na sita, kokoto kwenye kopo, sawasawa na ulivyosema. Sikufika kumi na nane. Plagi ya tatu ina vidoa vinane, nimevihesabu. Tumepima mgandamizo wa silinda, zote nne bado nzima, lakini kwa nusu maili injini isingefika mwisho. Rigo aliishika ile plagi muda mrefu, akasema, "Mwambie shangazi yako naomba radhi kwa ile habari ya wivu."

Jumamosi sikwenda. Niliketi uani na kahawa, Yesenia akaja akakaa nami, ameanza kuivumilia harufu. Jioni nikaingia ndani ya kompyuta, nikalifungua lile sikio kama karatasi za mtengenezaji zinavyosema. Nakuletea ukurasa mmoja. Pauni kumi na mbili. Safu ya mwisho sasa ina moja, sifuri, sifuri, mbili, sifuri, moja. Ziangalie.

Na mimi nina langu. Siku ya mazishi nilifika. Niliendesha usiku na mchana, nikafika Española, nikaegesha kituo cha mafuta mkabala na barabara ya kanisani. Niliwaona mkisimama nje, nikakuona wewe ukiangalia saa. Sikuweza kufungua mlango. Nilidhani nisipoingia atakuwa bado hajafa sana. Mlipoingia kwenye misa niliwasha gari nikarudi Texas. Kila mtu nilimwambia kazi ilinizuia.

Mwanao,
Delfino


Truchas
4 Novemba 2007

Delfino mwanangu, marahaba.

Theluji ya kwanza ilianguka jana ikayeyuka kabla ya chakula. Kuni ninazo, Porfirio amenipasulia gari zima, nadhani ndiyo fidia ya maji yangu. Wifi Ramona amemaliza fulana ya mtoto na mikono yake haijalingana. Usimwambie nimesema.

Habari ya kituo cha mafuta nimeisoma na sitamwambia mtu. Nilikuwa naangalia saa, ni kweli. Laiti ningegeuza shingo. Tutakwenda makaburini pamoja mkija, wewe na mimi, asubuhi, na hakuna atakayechelewa.

Ukurasa wako nimeubandika juu ya sinki. Zile moja na mbili ni za kawaida kabisa, injini inanung'unika inavyopaswa. Iache kumi na mbili mpaka majira ya kuchipua. Nikija kumwona mtoto nitaleta plagi mpya, na tutaipanga upya nusu pauni kwa nusu pauni, mimi kwenye kompyuta na wewe kwenye mpira. Ukisema nirudi nyuma nitarudi, sitabisha.

Bomba lile uliniandikia Mei na nikalipita kwa macho. Fundi wa miaka ishirini na mbili. Nimelia sana, Delfino, si kwa ajili ya injini. Baba yako alijua tangu siku ile barabarani. Hakumwambia mtu, hakupeleka gari kwa fundi mwingine, hakunivunjia jina. Alikwenda kwake akakata shaba, na mwaka mzima akaendesha na mpira sikioni akisikiliza kwa niaba yangu.

Halafu kuna ile nyingine, nimeipata juzi nikiosha vyombo, ikabidi nikae. Nilikuandikia kuwa mwaka wake wa mwisho alikuwa ananisimamia uso kwa uso na kupiga kelele kama mnadi. Nilimwonea huruma. Nilimwambia kila Jumapili, "Tino, masikio yako yamekwisha, nenda ukapimwe." Naye anainama kidogo ili nimwone midomo, anajibu kwa sauti ya kutikisa vikombe, "Nitakwenda, dada. Nitakwenda."

Nimekwenda mimi. Alhamisi, Española. Vifaa vyangu vya masikio vitakuwa tayari baada ya wiki sita, na hata hivyo daktari anasema nisitarajie makubwa. Sitaki kungoja. Nipigie Jumapili saa nane, nitakuwa nimekaa kando ya simu. Na ukisema, sema kama baba yako.

Eloisa